Tarehe ya Chororo wa Getruda

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Mtwango na wa mtaa wa Ramadhani, wakwe zetu mliosafiri kutoka Lupingu, walimu na wanafunzi wa zamani kutoka Makambako, kamwene, na poleni sana. Familia imemkabidhi Ebeneza Elieza Mlowe, mdogo wa marehemu, kazi ya kusoma historia hii, na ukweli ni kwamba marehemu mwenyewe ndiye aliyemchagua, akiwa kitandani, akampa na sharti lake la siku zote, kwamba kila jambo liandikwe na tarehe yake na mahali pake, kwa sababu kwake yeye habari isiyo na tarehe wala mahali ilikuwa porojo. Ebeneza amefungua masanduku, ametafuta vyeti, amewasumbua wazee, na tarehe zote zimepatikana na zimeandikwa, isipokuwa moja, ambayo hakuhitaji kuitafuta popote kwa kuwa anayo kichwani mwaka wa tano sasa, ila mkono wake ulikataa kuiandika kwenye nakala mlizogawiwa. Ataitaja kabla jeneza halijainuliwa.

Getruda Elieza Mlowe alizaliwa tarehe 9 Aprili 1974 hapa Mtwango, wakati huo ikiwa mkoa wa Iringa, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa marehemu Mzee Elieza Mlowe na Mama Modesta Ngole, ambaye tunamshukuru Mungu kwamba yupo, ameketi pale mbele, na ndiye aliyesahihisha ukurasa huu wa kwanza. Alibatizwa tarehe 26 Mei 1974. Ebeneza alimfuata baada ya miaka minne, akabebwa mgongoni na dada yake huyo kabla hajajua kutembea, na mpaka leo watu wakimuuliza nani alimlea huwa anakosea na kumtaja Getruda kwanza.

Alianza shule ya msingi ya kijiji mwaka 1982 na kuhitimu mwaka 1988. Akiwa darasa la nne alimwokota popo aliyeanguka kwenye korido ya shule, akamweka kwenye kopo la mafuta ya kupikia, akamficha chini ya dawati, mwalimu akalifungua lile kopo akidhani ni maandazi, na darasa zima likatokea madirishani. Alichapwa viboko viwili, akarudi nyumbani analia, baba akataka kwenda kumwona mwalimu, kumbe mtoto halilii viboko, analilia popo, kwa kuwa aliruka kabla hajamaliza kumpima mabawa kwa rula. Alisoma sekondari mjini Njombe kuanzia mwaka 1989 hadi 1992, kidato cha tano na cha sita mkoani Iringa hadi mwaka 1995, kisha akajiunga na chuo kikuu jijini Dar es Salaam mwaka 1996, akahitimu shahada ya sayansi ya wanyama tarehe 20 Novemba 1999. Alikuwa wa kwanza katika ukoo huu kuvaa joho, na kofia yake ilipokewa zamu kwa zamu na shangazi wote kwa ajili ya picha.

Kazi aliianza tarehe 7 Februari 2000, akifundisha baiolojia katika shule moja ya sekondari mjini Makambako, na huko ndiko alikopata jina la Mama Popo, baada ya mwaka 2003 kusikia kwamba wenye ghala moja la mahindi wanataka kuwafukiza kwa moshi wa pilipili popo waliokuwa wamejaa darini. Aliwapeleka wanafunzi wake arobaini wakasimama nje ya ghala jua linapozama, wakawahesabu popo wanavyotoka, wakafika elfu moja na mia tisa, kisha akawaeleza wenye ghala kwamba hao ndio wanaokula nondo ambao watoto wao hutoboa mahindi, kwa hiyo wanataka kuwafukuza askari wao wenyewe. Popo wale wapo hadi leo. Waliomwita Mama Popo kwa kumcheka walishangaa kuona anaitika, tena kwa furaha.

Alifunga ndoa tarehe 12 Oktoba 2002, katika kanisa la Kilutheri mjini Njombe, na Bonaventura Haule, mzaliwa wa Lupingu, fundi wa kuchomelea vyuma mtaa wa Ramadhani, na kama wengi mnavyojua walikutana kwa sababu ya mitego. Getruda alimpa kazi ya kutengeneza vijisanduku vya waya vya kukamatia wanyama wadogo bila kuwaumiza, akamrudishia mara tatu kwamba mlango unachelewa kufunga, na mara ya nne Bonaventura akasema kwamba mteja wa aina hii ni nafuu kumwoa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Jasmine, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 2004, na Steven, aliyezaliwa tarehe 21 Januari 2008, wote katika hospitali mjini Njombe, na wote walijua kuandika tarehe pembeni ya michoro yao kabla hawajajua kuandika majina yao.

Mwaka 2006 alipata shahada ya uzamili mjini Morogoro, na tarehe 1 Machi 2008 aliingia katika mradi wa kuchunguza wanyama wadogo wa nyanda zetu hizi. Mwaka 2015 alianza kazi iliyomrudisha Mtwango, ya kumtafuta chororo, yule mnyama mwembamba, mweusi, mwenye mistari minne myeupe mgongoni na mkia mweupe, ambaye anaingia kwenye mashimo ya fuko na kuwala humo humo, hivyo watu wengi wanazeeka bila kumwona. Alimtafuta kwenye mteremko wa nyasi ulio juu ya mashamba ya viazi ya ukoo kwa miaka minne bila kuambulia chochote, wenzake ofisini wakaanza kumtania kwamba anachunguza hewa. Tarehe 6 Novemba 2019 akamnasa mmoja, jike, akamwekea chini ya ngozi kidude chenye namba, kidogo kama punje ya mchele, akamwachia, akateremka mbio hadi kwa mama, akinuka harufu ya mnyama yule kiasi kwamba mama alimkatalia mlangoni, akamwogeshea uani kama mtoto. Hakumpa jina, maana hakuwa mtu wa kuwapa wanyama majina. Alimwandika Namba Moja, na kabla ya mwezi Machi 2021 alikuwa amemwona tena mara tano.

Tarehe 2 Januari 2021, katika mkutano wa kijiji, Getruda aliwaomba wakulima wanaopakana na mteremko waache kutega fuko kwa waya, kwa sababu waya ukiwa ndani ya shimo hauchagui wa kumkaba. Wakulima kumi na saba waliweka saini. Wa kwanza kusaini alikuwa Ebeneza, na Getruda alimpigia makofi mbele ya watu, akasema mdogo wangu ndiye mfano.

Kuanzia Machi mwaka huo, Namba Moja hakuonekana tena. Getruda alikuja karibu kila Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, akakaa na kigoda chake na chupa ya chai, mvua ikinyesha akajifunika turubai, na Ebeneza amezihesabu kurasa za daftari lake, ziko siku mia tatu na kumi na nane, kila siku ina tarehe, na chini ya tarehe maneno mawili, Namba Moja, hajaonekana. Tarehe 30 Septemba 2023 aliandika ripoti ya mwisho na kufunga kazi ya mteremko ule, akasema kwamba mnyama amehama, na kwamba sababu inayoelekea kuwa ya kweli ni mtafiti mwenyewe, aliyekwenda mno, aliyemkamata, aliyemsumbua. Mwenzake wa kazi, Oktavia Kilasi, ambaye tuko naye hapa, alimsihi aufute mstari ule, akakataa, akasema kosa la mtu liandikwe mahali linapoonekana.

Mwezi Novemba 2023 alianza kukohoa na kupungua mwili, alitibiwa Njombe, na tarehe 15 Februari 2024 iligundulika kuwa ana saratani ya mapafu, akapelekwa Dar es Salaam alikotibiwa kwa miezi minane, akapata nafuu, kisha hali ikabadilika. Ebeneza alimuuliza daktari mara mbili kama ubaridi na manyunyu ya kukaa mlimani vinaweza kuleta ugonjwa ule, na mara zote mbili daktari alimjibu kwa upole kwamba hapana, na Ebeneza hakulala vizuri zaidi kwa jibu hilo. Getruda alifariki dunia siku ya Jumatano, tarehe 18 Juni 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Ramadhani, akiwa na umri wa miaka hamsini na moja. Jumapili iliyotangulia alimuuliza Ebeneza kama amemwona Namba Moja. Ebeneza alijibu, bado.

Nakala mliyo nayo mkononi inaishia hapo na kwenda kwenye shukrani. Ukurasa huu unaofuata mama hakuusahihisha, wala shemeji Bonaventura hajauona, na Ebeneza anaomba asikatizwe, kwa sababu akikatizwa hataweza kuanza tena.

Mwishoni mwa Februari 2021 fuko waliingia kwenye viazi vya Ebeneza, shamba la chini, linalogusa mteremko, na kila asubuhi alikuta mashina yamenyauka, akivuta anatoka na majani matupu. Alijiambia ni wiki mbili tu. Alitega waya kumi na moja, akazifunika kwa udongo vizuri kuliko kawaida, si kwa ajili ya fuko, bali kwa ajili ya dada yake. Jumapili ya tarehe 14 Machi 2021, baada ya ibada ambayo yeye mwenyewe, mzee wa kanisa, alisoma neno, akiwa bado na viatu vya kanisani, alivuta waya wa nne akakuta si fuko. Alikuwa chororo, amekakamaa tayari, mistari minne, mkia mweupe, na chuchu zake zilikuwa zimejaa maziwa. Ebeneza hakuweza kuzunguka mteremko mzima kutafuta watoto, au tuseme aliweza na hakufanya, kwa sababu majirani walikuwa wanarudi kutoka kanisani. Alimzika kwenye tuta la tatu kutoka kwenye uzio, mbele ya mti wa mpichi, akanawa, akaenda kula.

Alhamisi dada yake akaja, akafungua chupa, akammiminia chai, na Ebeneza akainywa. Alikunywa chai ile kwa miaka miwili na nusu. Siku moja, tarehe 8 Julai 2022, Getruda alipokuwa amekata tamaa kabisa, Ebeneza alimwambia labda mnyama amehamia upande wa pili, na alisema hivyo ili tu dada yake asikae karibu na mpichi, naye Getruda akamshukuru, akahamisha kigoda chake upande wa pili, unakovuma upepo wa Juni na Julai. Alipoisoma ile ripoti Ebeneza alijua kwamba dada yake amebeba kosa lisilo lake, akapanga kumwambia wiki ile, kisha akapanga kumwambia akipona. Hakuna siku aliyokosa nafasi. Alikosa moyo tu.

Ndugu Oktavia, unaombwa baada ya mazishi uchukue kile kifaa chenu cha kusoma namba, uende na Ebeneza hadi kwenye tuta la tatu, hapajalimwa tangu siku ile, na namba ikishasomwa, ule mstari wa ripoti ufutwe na jina la aliyehusika liandikwe mahali linapoonekana. Waya kumi na moja ziko kwenye mfuko wa salfeti karibu na jiko la msiba. Wale wenzake kumi na sita waliosaini pamoja naye, mfuko bado una nafasi, mwenye kuelewa ameelewa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Njombe na wa Dar es Salaam, hasa yule muuguzi aliyekuwa akimsomea marehemu daftari lake macho yalipochoka. Inawashukuru majirani wa Ramadhani waliolala matanga, kwaya, wakwe zetu wa Lupingu waliokuja na samaki na machozi, walimu wa Makambako, na wafanyakazi wote wa mradi, ambao mlivumilia kutaniwa pamoja naye. Mama Modesta, shemeji Bonaventura, Jasmine na Steven, ninyi Ebeneza hana cha kuwashukuru wala cha kuwaomba leo, mtamwambia mkiwa tayari, atakuwa pale pale shambani.

Dada Getruda, ulitaka tarehe na mahali. Ni tarehe 14 Machi 2021, ni tuta la tatu mbele ya mpichi, na mtu mwenyewe ni mimi. Hukumfukuza, dada. Alikuwa pale pale muda wote, hatua thelathini kutoka mahali pa kwanza pa kigoda chako. Lifunge sasa daftari lako, upumzike kwa amani.