Mukanda Ulionyimwa Siagi

Antoine, zima hiyo motere ya gari uje ukae. Pétronille, niinue kidogo, mutu wangu uko chini sana… hapana, sasa uko juu, teremusha. Basi, acha tu. Na weye shemeji Sabine, sogea karibu na kitanda, kwa sababu maneno haya ni yako kuliko ya wengine. Minye Sylvestre, fundi wa viti na ngozi, sitaiona siku ya Mungu inayokuja, na ninyi munajua, musinipoze na chai. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanangu, na maradhi yangu yana miaka sita, wala si haya ya kifua.

Gari hili dogo la mbio, la viti viwili, lisilo na paa, lilikuwa tayari kuukuu lilipofika mikononi mwangu. Mugriki wa duka la vitambaa alinipa funguo na karatasi zake mwaka wa uhuru, siku aliyovuka kwenda Usumbura, akasema, "Sylvestre, weye ndiye unalipenda." Alisema kweli. Nililipenda kama unavyopenda mutoto wa wenyewe, kwa hofu. Minye na ndugu yangu Mathieu, bwana yako Sabine, shofere aliyewapita wote wa mwambao huu wa ziwa, tulilishughulikia zaidi ya miaka mitatu. Viti vilikuwa vimeoza, nikavivua mpaka kwenye vyuma, nikajaza sufi mpya, nikavika ngozi nyekundu niliyoishona kwa mukono. Ubao wa mbele ulikuwa chuma kitupu, nikaufunika blanketi na ngozi ili muntu asipasuke uso. Mathieu akabadilisha nyaya zote za freni. Watu walikuja kusifu viti, naye akawacheka: "Nyumba njema si mlango! Viti iko muzuri, lakini kiti hakisimamishi gari pale kwenye muteremuko wa Ngomo."

Ikabaki mikanda. Tuliiona ndani ya gazeti la Wazungu: muntu amefungwa kitini, gari linagonga, yeye anabaki palepale. Hapa haikuuzwa popote, nikasema nitaishona. Manassé, mufugaji wa kule juu mulimani, rafiki yangu wa ngozi tangu ujana, akatushushia ngozi za fahali na kibuyu kikubwa cha siagi. Akanishika mukono. "Sylvestre, ngozi iko kama mutoto, inataka kulishwa. Siku saba siagi, siku saba kuikanda. Ukiifunga kabla haijashiba, ikanyeshewa kisha ikakauka, fundo halitafunguka tena." Nikamuambia nimesikia.

Kisha vita vya waasi wa Simba vikatufikia, soko likafungwa, mukaanza kulala njaa. Siku ya pili tu ya kuilisha ngozi, nilichukua kibuyu nikakipeleka jikoni. Tuliila siagi ile na ugali. Weye Pétronille ulilamba vidole, ukauliza kama kesho iko ingine. Usilie, mutoto wangu, weye huna kosa. Mwenye njaa hana miiko, lakini fundi anayo. Ningeweza kula siagi na kuacha mikanda. Nilikula siagi, na mikanda nikaishona. Kifungio cha chuma sikuwa nacho, nikaweka fundo.

Siku ya kukimbia vita, ninyi mulitangulia na marehemu mama yenu kwa lori, minye na Mathieu tukafuata na gari. Mvua ilitunyeshea tangu tunatoka Uvira, kisha jua la bonde likatukausha. Mathieu alikuwa amejifunga, kwa kunifurahisha. Minye mwenyewe sikujifunga, mukanda ulinibana tumbo. Karibu na Bwegera lori la askari likatujia katikati ya barabara, akalikwepa, tukapinduka ndani ya mutaro wa mupunga. Minye nilirushwa kwenye matope. Maji yalinifika magotini, Sabine. Magotini tu. Lakini yeye kichwa kilikuwa chini, ndani ya maji, amening'inia kwenye mukanda wangu. Nilivuta fundo kwa vidole, nikavuta kwa meno, likawa mufupa. Kisu changu askari walikuwa wamekichukua kwenye kizuizi cha barabarani. Mukono wake ulinishika shati, ukanishika sana… kisha ukaacha.

Maji… hapana, siyataki. Nigeuzeni. Upande huu unachoma.

Pale matangani uliniuliza, Sabine, ni nini kimemuua bwana yako. Nikasema ni ngozi ya Manassé, ametuloga. Vijana wakapanda mulima, wakachoma nyumba yake, wakaswaga ng'ombe wake. Hajashuka sokoni tena. Na weye Antoine umeapa siku mutakapokutana utamuvunja mukono. Umekua kwa uongo wangu, baba. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, na kila siku nilitamani iishe. Leo nimesikia motere ya gari lile lililotolewa mutaroni inawaka, nikajua unataka kuingia barabarani na fundo lile lile.

Musikie ninavyoagiza. Gari ni la Sabine. Antoine atalimaliza, freni kwanza, rangi mwisho, na mikanda iwe na kifungio cha chuma kinachofunguka kwa mukono mumoja, hata wa muntu anayeogopa. Shamba langu la Nyakabere mulibadilishe kwa ng'ombe, wapande wote kwa Manassé. Na ule mukanda wa upande wangu, uliobaki mzima, mufungue kitini kwa kisu, Antoine aupeleke mulimani kwa mikono yake miwili. Manassé akiugusa atajua kwamba haukula siagi. Usimueleze kingine. Piga magoti.

Sabine, sikuombi unisamehe. Shika tu mukono wangu, kama… kama huwezi, acha, nimeelewa. Wanangu, Mungu awape mikono yenye subira. Awape midomo isiyomutupia mwingine muzigo. Pétronille, ukae na… na mama yako mudogo Sabine, umutunze kama anavyo… pumzi… ngoja.

Antoine, ungali umekaa? Toka. Si kesho, sasa. Mulete Manassé anikute ningali na masikio. Anitukane… yote aliyoyabeba… anitukane nikisikia. Nataka nimujibu ndiyo. Ndiyo, ni minye. Kimbia, mutoto wangu… kimbia.