Mama Panya na Kipande cha Mkate

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mama aliyetunza panya wa maabara kwa miaka ishirini na miwili. Wenzake walimwita Mama Panya. Wala hakununa. "Mimi nina watoto mia mbili," alikuwa akiwajibu, "na wote wana mikia. Wewe mwenzangu unao wangapi?"

Alisafisha vizimba, akabadilisha maji, akamsaidia daktari wa utafiti. Daktari alikuwa akichunguza bakteria waliopatikana kwenye jibini. Alitaka kujua jambo moja tu: wana makali kiasi gani? Panya waliodungwa sindano ya bakteria hao walikufa. Waliopewa mdomoni, ndani ya maji, kwa mrija mwembamba, walibaki wazima. Basi daktari akaanza kuandika kwamba bakteria hao wakiliwa hawana neno.

Siku moja panya watatu wakaukataa mrija, wakapiga mateke, wakang'ata. Mama Panya akadondoshea kipimo kile kile kwenye kipande cha mkate. Wakala wenyewe. Siku ya nne, wote watatu walikuwa wamekufa.

Hakuficha. "Daktari, ni mimi. Niliwapa kwenye mkate. Lakini hebu niambie, nani anakula jibini kwa mrija?"

"Mama, umeniharibia kazi! Hapa hatupiki, tunapima."

Daktari akawafuta panya wale daftarini kwa mstari mwekundu. Mama akahamishiwa chumba cha kuoshea chupa, akakaa huko mpaka akastaafu.

Miaka sita baadaye, watu wakaanza kuugua kwa jibini. Daktari akarudia jaribio, safari hii kwa chakula. Panya wakafa. Kumbe bakteria wakiingia na maji matupu, asidi ya tumbo huwaua wengi. Wakijificha ndani ya chakula, wengi hufika utumboni wazima. Bakteria wale wale, wasikilizaji. Kipimo kile kile. Njia tu ndiyo tofauti.

Roho ikamsuta daktari. Mama alikuwa mgonjwa nyumbani kwake, mtaa wa pili tu kutoka maabara. Lakini daktari akajiambia: ngoja kwanza makala ichapishwe, nimpelekee yenye jina lake. Wiki ikazaa mwezi, mwezi ukazaa mwingine. Ngojangoja yaumiza matumbo. Mama alizikwa Jumatatu. Makala ikatoka Jumanne.

Daktari alikwenda msibani na makala yake mkononi. Binti wa marehemu akaisoma yote, taratibu, amesimama mlangoni.

"Mama alijua kwamba alisema kweli, Daktari," akasema. "Alichokuwa akituuliza kila siku ni kama na wewe umeshajua."



Kwa binti huyo, kwa wajukuu na ndugu wote, poleni sana. Mmepoteza jicho lililoona mbali. Nasi tuliobaki tujiulize: yupo nani tuliyemnyamazisha, naye alisema kweli? Kama bado anapumua, mwendee leo. Nenda mikono mitupu, umwambie tu.