Sikio la Hakimu

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa mtaa, ndugu wageni waalikwa, wazee wenzangu mliowahi viti vya mbele, na wewe mkwe wangu, mke wa mwanangu, uliyenifungia vifungo vya koti hili: mimi si kiziwi.

Tulieni. Mwenyekiti, funga mdomo, nzi ni wengi. Najua mmechanga mkaninunulia kifaa cha kusikilizia, nakiona pale mezani kimefungwa utepe. Lakini daktari amenishauri nisihangaike na kalenda ya mwakani, na sipendi kuondoka na uongo huu mfukoni.

Nilipostaafu uhakimu, na mama watoto akatangulia mbele ya haki, nyumba ilibaki na salamu za mlangoni tu. Mkwe wangu, funguo mkononi, alikuwa akisema, "Shikamoo baba, umeamkaje?" na kabla sijamaliza marahaba, geti limeshafungwa. Simlaumu, kazi hazimngoji mtu. Siku moja bomba la jikoni lilikuwa wazi, sikumsikia kweli. Akaingia, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaniwekea mkono begani na kuniuliza sikioni, "Baba, umelala vizuri?" Nikajibu, "Eeh?" Akarudia, polepole, mkono uko palepale.

Tangu hapo nimeishi kwa "eeh?"

Na nimesikia mengi! Mwanangu mhandisi, uliketi ubavuni mwangu ukamwambia rafiki yako, "Ongea tu, mzee ni ukuta." Ukuta ulisikia habari za gari jipya. Mkeo hajui? Basi sasa anajua. Jirani yangu muuguzi, siri zako usiziogopee: naondoka nazo, na safari yenyewe si ndefu. Nawe kinyozi, uliwaambia wateja, "Kichwa hiki hakina kazi ya mkasi, lakini namkata taratibu, mzee apate pa kukaa." Nilisikia. Ndiyo maana nakuja hata nywele zikiwa hazijaota.

Mtaniuliza: msomi mzima, kwa nini hukusema tu? Ndugu zangu, maisha yangu yote niliwaamuru watu wasimame, wakasimama. Nikawaambia waketi, wakaketi. Nyumbani kwangu, kumwambia mtu "kaa nami kidogo" kulinishinda. Niliona haya. Je, ni wazee wangapi humu ambao magoti yao huuma zaidi mgeni akishika kiatu? Mnacheka. Mmejuana.

Mheshimiwa, ukumbi huu wa wazee tunaoufungua leo ni mzuri, na viti ni laini kuliko vya mahakama. Ila kiti hakimjibu mtu. Tukiwaleta wazee asubuhi kama mizigo na kuwachukua jioni, tutakuwa tumewahamishia upweke wao kwenye rangi mpya.

Nawashukuru kwa masikio yenu, yangu mmeshayajua. Tena kile kifaa msikirudishe dukani. Daktari amenipima juzi: la kulia zima, la kushoto limekufa. Uongo wangu umenigeukia, nami nastahili hukumu.

Mkwe wangu, usilie. Wewe hukaa kushoto kwangu. Tangu baridi ianze sijasikia hata neno lako moja. Huwa naitikia kwa kichwa tu, usije ukaondoka.