Miche ya Safu ya Katikati

Mgeni rasmi, Mkuu wa shule yetu, walimu wetu, wazazi mlioacha kazi zenu asubuhi hii, na wanafunzi wenzetu mliobanana kwenye viti vya kuazima:

KARIBU

Sisi wanachama wa Klabu ya Sayansi tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua umekuja na bahasha, na kilichomo tunakijua, kwa sababu barua ya taarifa ilishatufikia. Ni nafasi moja ya kambi ya sayansi, wiki tatu chuo kikuu, kwa mwanafunzi mmoja wa shule iliyoshika nafasi ya kwanza mwaka huu. Tunakuomba kwa heshima zote bahasha hiyo ikae mfukoni mwako mpaka tufike mwisho wa risala. Si utovu wa adabu, Mgeni rasmi. Utatuelewa.

Mbele yako kuna meza yenye kikombe tulichopewa na kamati yako ya mashindano, na makopo sita ya miche ya maharage. Kikombe tumekisugua mpaka kinang'aa. Makopo yana kutu kidogo, utuwie radhi, tulikuwa na haraka ya kuyapanga.

TULIKOTOKA

Klabu hii ilianzishwa miaka kumi na sita iliyopita na mwalimu wa baiolojia, ambaye ni mlezi wetu mpaka leo. Kila mwaka tulishiriki mashindano ya sayansi ya shule, na kila mwaka tulirudi nyumbani raundi ya kwanza. Mwaka mmoja mlima wetu wa kutapika moto, uliotengenezwa kwa siki na magadi, ulimrukia jaji shati zima. Tangu siku hiyo shule jirani hutuuliza kama tumekuja na taulo.

Safari hii wazo lilitoka jikoni. Maji ya kuoshea sufuria za shule humwagwa mtaroni kila siku, na hatua ishirini tu kutoka hapo bustani ya mboga inakauka. Tukatengeneza chujio la ndoo tatu zilizopandana, lenye changarawe, mchanga na mkaa uliopondwa. Tukapanda maharage kwenye makopo thelathini, safu tatu, kwenye kibaraza cha maabara. Safu ya kulia ilipewa maji ya bomba. Safu ya kushoto ilipewa maji machafu ya jikoni kama yalivyo. Safu ya katikati ilipewa maji hayohayo ya jikoni, ila yaliyopita kwenye chujio letu. Tulimwagilia Jumatatu mpaka Ijumaa, na mwisho wa juma makopo yote yalikaa bila maji, sawa kwa sawa.

Kazi ya kupima na kuandika tulimpa mwenzetu wa kidato cha tatu tunayemwita Daftari. Jina hilo halikuanza na sisi. Mama yake anasema alikuwa akiorodhesha vyombo vya nyumbani kabla hajajua kufunga vifungo vya sare. Baba yake ni fundi viatu, ana kibanda mkabala na kituo cha mafuta, na wengi wenu mliomo humu mmekanyaga soli alizozishona yeye. Ndani ya jalada la daftari lake, tangu kidato cha kwanza, kuna picha aliyoikata gazetini: wanafunzi wa kambi ya sayansi wamezunguka darubini, mmoja amefumba jicho. Daftari alikuwa akiiangalia kabla ya kila mtihani. Hakumwambia mtu anaota nini, lakini nani hakujua?

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, wiki ya pili safu ya kushoto ilikufa yote. Safu ya kulia ilistawi. Safu ya katikati ilianza kuwa ya njano, nasi tukaanza kukata tamaa, halafu ikabadilika. Ikapandisha majani. Kufikia wiki ya saba ilikuwa imeikaribia safu ya maji ya bomba, na sisi vichwa vimevimba hatusalimiki.

Daftari peke yake hakutulia. Alituonyesha kwamba safu ya katikati haikui sawasawa. Jumatatu mpaka Ijumaa inajikokota, kisha Jumatatu inayofuata unaikuta imeruka. Alituuliza kwa nini mche unyweshwe siku tano usikue, uachwe siku mbili bila maji ndipo ukue. Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa mwaka mzima, na sisi tulilijibu vibaya. Tulisema mimea inapumzika. Jambo hilo tukalipa jina, "pumziko la siku mbili", tukachora mchoro wake kwa rangi tatu, tukaubandika katikati ya bango. Daftari alikubali shingo upande, kwa sababu hakuwa na jibu jingine.

Siku ya mashindano bango letu lilianza kubanduka. Wasichana wa shule ya meza ya pili, waliokuja na kikaushio cha mboga cha nguvu ya jua, walitupa gundi yao yote iliyobaki bila kuombwa. Majaji walisimama mbele ya mchoro wetu muda mrefu. Wakatupa alama tatu za ziada kwa ugunduzi wa pumziko la siku mbili. Tukaishinda shule ya meza ya pili kwa alama mbili. Tunaomba uzikumbuke hesabu hizo, Mgeni rasmi, tutazirudia.

CHANGAMOTO

Risala nyingi katika sehemu hii husema maabara haina darubini. Kweli, haina. Lakini changamoto yetu ni nyingine.

Siku tuliporudi na kikombe, shule nzima ilikishika. Daftari akaona kuna mtu mmoja hajakishika. Ni mfanyakazi wa usafi, ambaye sote hapa tunamwita Shangazi, na ambaye hufagia vibaraza siku za kazi, na madarasa Jumamosi na Jumapili yakiwa matupu. Akampelekea kikombe stoo ya mafagio. Shangazi akafuta mikono kwenye kanga, akakipokea, akakitazama mpaka machozi yakamlenga. Kisha akasema:

"Na mimi nimo humu ndani, mwanangu. Ile ya katikati nisingeipa maji, mngepeleka nini huko?"

Daftari akamwomba aeleze. Shangazi akaeleza kwa furaha kabisa. Kila Jumamosi na Jumapili aliikuta miche imenyauka, akaingiwa na huruma. Safu moja ilikuwa nzima, haihitaji kitu. Safu moja ilikuwa imekwisha, hakuna la kufanya. Ile ya katikati ndiyo iliyoweza kuokolewa. Basi akaipa maji ya bomba, kopo kwa kopo, asubuhi na jioni, akaisogeza penye jua, na kabla ya kuondoka akairudisha kwenye mstari ili watoto wasisumbuke.

Miche haikuwa imepumzika, Mgeni rasmi. Ilikuwa imeokolewa na Shangazi.

Daftari alimshukuru, akachukua kikombe, akaondoka. Hakumwambia mtu. Siku ya nne ikaja barua ya kambi, na jina lililopendekezwa na walimu lilikuwa lake. Baba yake alifunga kibanda mapema, jambo ambalo halifanyi hata akiugua, akampima miguu kwenye karatasi. Alimshonea viatu vyeusi vya ngozi, akavipiga rangi mara tatu, ili binti yake asiingie chuo kikuu na raba za kuazima. Daftari alivijaribu mbele ya wazazi wake, akatembea mlangoni na kurudi, akasema vinamkaa. Alificha jambo hili siku kumi na moja, na ametuagiza tuiseme hesabu hiyo bila kupunguza.

Siku ya kumi na mbili alikuja kwenye kikao, akafungua daftari, akatusomea maneno ya Shangazi. Kisha tukagombana, hatuna sababu ya kukuficha. Mwenzetu tunayemwita Wakili alijenga hoja nzuri kwelikweli. Alisema hatukumdanganya mtu, sisi wenyewe tulidanganyika, na aliyedanganyika hana kosa. Wengi tulitikisa vichwa kukubali. Kikombe kilikuwa pale mezani kinatutazama, na hakuna aliyetaka kukipoteza.

Daftari akamjibu, tena kwa sauti ya chini:

"Siku ile hatukujua. Leo tunajua."

Tukamgeukia mlezi wetu, mtu aliyeingoja siku hii miaka kumi na sita. Alikuwa dirishani anafuta miwani. Alisema hatapiga kura, kwa sababu neno "pumziko" alitupa yeye, na alitupa kwa kuwa alitamani mno liwe kweli. Tukapiga kura, wanachama wote kumi na wanne. Tisa walisema tuseme, watano walisema tunyamaze. Hao watano wako hapa nasi, wamesimama mstari uleule, na hakuna anayewanunia.

Tulipomweleza Shangazi, alidhani amefukuzwa kazi. Alikaa juu ya ndoo, akauliza akaeleze nini nyumbani. Tulipomtuliza, alisema maneno yaliyotuumiza kuliko kupoteza kikombe:

"Mngeniambia tu kwamba hiyo mmeiacha inyauke kwa makusudi, nisingeigusa. Lakini nani alisema na mimi?"

Hakuna, Mgeni rasmi. Wiki saba tulimpita kibarazani, tukamsalimia shikamoo, tukaingia maabara. Kwenye ripoti yetu, ukurasa wa pili, tuliandika kwamba hakuna mtu mwingine aliyeyakaribia makopo yale. Tuliandika hivyo na yeye alikuwa anafagia nyuma yetu. Hilo ndilo kosa letu, na chujio halihusiki.

TULICHOFANYA BAADA YA HAPO

Tumerudia jaribio lote tangu mwanzo, makopo mengine thelathini, wiki saba nyingine. Safari hii Shangazi alishika rula Jumamosi na Jumapili, naye Daftari akamfundisha kuandika vipimo kwenye majedwali. Aliiona miche ikinyauka, akaiacha. Ametuambia kwamba kazi ngumu kama ile hajawahi kupewa, na kwamba Jumapili ya tatu ilibidi atoke nje kabisa.

Matokeo unayo mbele yako. Makopo mawili ya kulia ni maji ya bomba, na miche yake ina sentimita arobaini na tatu. Mawili ya katikati ni maji ya chujio letu, sentimita kumi na tisa, na majani ni ya njano. Mawili ya kushoto yamekufa. Chujio letu linazuia mmea usife, basi. Bado sabuni inapita. Kwa nini inapita hatujui, na tunatamani sana kujua.

MAOMBI

Tunaomba ukipokee kikombe hiki. Ondoa zile alama tatu za pumziko, na utaona mshindi ni nani. Kipelekwe kwa wasichana wa kikaushio cha mboga, na bahasha iliyo mfukoni mwako iende huko huko. Tumewaandikia pia tukawashukuru kwa gundi.

Tunaomba Shangazi asiandikiwe barua ya onyo wala kuulizwa lolote na mtu yeyote. Mkuu wa shule alisoma mstari huu jana, akaturudishia karatasi bila kuukata, nasi tumechukua hilo kuwa ahadi mbele ya mashahidi.

Tunaomba turuhusiwe kushiriki tena mwakani kwa chujio hilihili, mpaka sabuni ikome kupita.

Tulikuwa na ombi la nne, kwamba ikiwa kambi itawahi kupata nafasi hata ya kukaa nyuma na kusikiliza tu, umkumbuke Daftari. Yeye alitaka ombi hilo lifutwe, pamoja na kila mstari unaomtaja. Tukapiga kura tena, akashindwa kumi na tatu kwa moja, na kwa adhabu ya kubisha tukamteua yeye awe msomaji wa risala hii. Kwa hiyo, Mgeni rasmi, kama umesikia sauti ikitetereka tangu tulipofika kwenye ile picha ya gazeti, usidhani ni woga wa kusimama mbele ya watu.

Siku alipomwambia baba yake kwamba hakuna kambi tena, mzee aliendelea kugonga msumari mpaka ukaingia wote. Kisha akamwambia binti yake avivae viatu vile siku ya kusoma. Ndivyo hivi alivyovivaa.

MWISHO

Mungu akurudishe salama kwako, akupe afya, na kila utakachokipima kazini kwako kikupe jibu lake la kweli, hata likichelewa. Kikombe ni hicho. Kimeshikwa na wengi, kina alama za vidole upande mmoja, hizo hatukuzifuta.

Ni sisi,

Wanachama kumi na wanne wa Klabu ya Sayansi, pamoja na Shangazi, mwanachama wa kumi na tano.