Barua ya Onyo na Chupa Kavu

Mheshimiwa Mkuu wa Idara, waheshimiwa wahadhiri, ndugu wafanyakazi wenzangu, wanafunzi, nanyi wanangu na wajukuu mliokuja kuona naagwaje: habari za mchana. Simu zizimwe. Na wewe wa nyuma, acha kutafuna.

Nimeosha chupa za maabara hii miaka thelathini na moja. Leo nastaafu, lakini jambo moja limenikaa kooni: ndani ya faili langu mna barua ya onyo inayosema naosha vibaya. Mimi! Siondoki nikaiacha humo.

Mnakumbuka ilivyokuwa? Daktari yule pale aliyeinamisha kichwa, enzi hizo mwanafunzi, alikuwa akiunganisha vipande vidogo vya protini. Mara tatu kazi ikaharibika, lawama nikabebeshwa mimi. Je, nililia? Nilivuta kigoda, nikakaa mlangoni, nikamtazama. Nikamwona anachukua chupa yangu iliyotoka kwenye oveni, kavu kabisa, anaipeleka bombani.

"We binti, unafanya nini?"

"Naisuuza tu, Bibi. Kwa uhakika."

"Uhakika gani? Nani kakwambia chupa yangu ina kiu?"

Ndipo akanieleza kazi yake, na mimi na darasa langu la nne nikaelewa: vipande viwili vikishikana, vinatema maji kidogo, ndiko kushikana kwenyewe. Sasa ukivimwagia maji mengine, dawa ya kuviunganisha inaishia kwenye hayo maji, navyo vinabaki kila kimoja kivyake.

"Mwanangu," nikamwambia, "kazi yako ni kuyatoa maji, nawe unayaingiza?"

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mara ya nne, chupa kavu, kazi ikakubali. Kwa nini nisimsifu? Ana adabu, ana akili, na siku ileile alikwenda mwenyewe kwa Mkuu kukiri kosa. Ila kusuuza, jamani!

Mheshimiwa Mkuu, siku ile uliniambia, "Yameisha, Bibi." Hayajaisha. Karani anasema barua haitoki bila sahihi yako. Faili analo, kalamu ninayo. Njoo hapa mbele, keki itasubiri.

Haya, anakuja! Mpigieni makofi, msimtazame tu.

Tia hapo chini. Na tarehe, baba, tarehe.

Sasa nimestaafu. Nawashukuru nyote, na asanteni kwa kunisikiliza, hata mliokuwa hamtaki.