Mama Masizi na Basi Lisilotoa Moshi

Baada ya miaka thelathini na minne katika karakana ya mabasi ya jiji, fundi mkuu wetu anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Jina la kwenye kitambulisho chake wengi hatulijui vizuri. Sote tunamwita Mama Masizi, na mwenyewe huitika bila kinyongo.

Jina hilo alilitolea jasho. Alianza kwa kusafisha vichujio vya dizeli, akapanda hadi kwenye injini, kisha akakabidhiwa karakana nzima. Mumewe, fundi cherehani, ndiye aliyemshonea maovaroli yote, na kila mwaka alitafuta kitambaa cheusi zaidi, mpaka weusi ukaisha dukani.

Mabasi mawili ya haidrojeni yalipoletwa kwa majaribio, yeye ndiye aliyepinga kwa sauti kubwa kuliko wote. Alisema haiamini gesi isiyo na rangi wala harufu, na kwamba kumkalisha abiria chini ya mitungi ya gesi ni kumtafutia balaa. Madereva wakamuunga mkono. Mabasi yakabaki uani kama wageni wasiokaribishwa chai, na uongozi ukatangaza kuwa yasipoingia barabarani mwezi huo, yatarudishwa yalikotoka.

Hata hivyo, Mama Masizi hapendi kukataa kitu asichokijua. Akajiandikisha kwenye mafunzo, akakaa darasa moja na vijana wa rika la wanawe, akauliza maswali hadi mwalimu akaomba maji ya kunywa. Alirudi ametulia. Alitueleza kwamba umeme wa sola zilizo nyuma ya karakana hutenganisha maji na kutoa haidrojeni. Ndani ya basi gesi hiyo hukutana na hewa, umeme wa kuendesha mota ukapatikana, na kinachotoka nyuma ni mvuke wa maji tu. Alituonyesha na vifaa vinavyofunga mitungi pindi gesi inapovuja. Wala hakuficha kwamba haidrojeni ya kutengenezwa kwa makaa ya mawe ni kuuhamisha moshi tu, kutoka mtaa wetu kwenda mtaa wa wenzetu.

Madereva bado walisita. Kesho yake akaja na mama mkwe wake, bibi ambaye hakuna chombo cha usafiri asichokilalamikia, akamkalisha kiti cha mbele, akashika usukani mwenyewe. Leseni anayo siku nyingi. Tulisimama getini roho mkononi. Waliporudi, bibi alikuwa amelala fofofo. Alipoamshwa, akakataa kushuka.

"Zungusha tena, mwanangu," alisema. "Sijalala hivi tangu nimzae mumeo."

Mchana huohuo dereva wa kwanza akaomba funguo. Leo mabasi yote ya njia ya hospitali yanatumia haidrojeni, na wauguzi wa wodi ya watoto wanafungua madirisha yanayotazama barabara, ambayo zamani yalikuwa hayafunguliwi.

Wiki iliyopita basi letu la mwisho la dizeli lilivutwa kuondoka. Mama Masizi alilipapasa boneti, machozi yakimlenga huku anacheka, akaliambia taratibu, "Umefanya kazi. Nenda kapumzike."

Nasi hatuna maneno bora ya kumwambia yeye. Asante, Mama, kwa mikono yako, kwa ubishi wako, na kwa kukubali kujifunza upya ukiwa tayari unajua. Umefanya kazi. Nenda kapumzike, uvute hewa safi uliyotuachia, wewe na nyumba yako yote.