Bei ya Leo ya Milioni ya Kesho

Zamani benchi la kwa Mama Kahawa lilikuwa mbao tupu, mpaka Fundi Makochi alipolivalisha masalio ya sponji. Tangu hapo wenyeji wake hawaondoki mpaka birika likauke. Jioni hiyo Fundi mwenyewe alikuja na hati fungani mfukoni, ile aliyonunua marehemu mkewe kwa milioni moja kuikopesha serikali. Kila mwaka inalipa faida ya laki, na baada ya miaka miwili milioni yote itarudi. Fundi alitaka kuiuza sasa hivi. Dalali amempa bei ya laki saba na elfu themanini na nne, na kesho asubuhi anamngoja akatie sahihi. Moyo ulikuwa mzito, akaja kutafuta wa kumwambia uza au usiuze.

— Unaibiwa mchana kweupe! alisema Kinyozi, mtu asiyeweza kunyoa bila kuhutubia. Hati imeandikwa milioni, yeye anakupa laki saba na ushee? Ndiyo maana wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Mgema kaingiaje hapa? aliuliza Mama Kahawa.

— Kaingia kwa miguu yake. Wewe mimina.

Karani, aliyestaafu benki lakini tai hajaistaafisha, alikohoa.

— Hakuna mwizi hapo. Siku hizi hati mpya zinalipa ishirini na tano kwa mia. Hii ya Fundi inalipa kumi. Nani ataichukua kwa milioni kamili? Sasa sikilizeni. Mwakani italipa laki. Hiyo laki, kwa leo, ni elfu themanini tu, maana elfu themanini ukiziweka leo kwa faida ya sasa, mwakani zinakuwa laki.

— Na mwaka wa mwisho? aliuliza Fundi.

— Laki nyingine, pamoja na milioni yenyewe. Hiyo iko mbali zaidi, kwa hiyo unaipunguza mara mbili, mara moja kwa kila mwaka. Inabaki laki saba na elfu nne. Jumlisha na ile themanini. Dalali hajakosea hata senti.

— Kumbe pesa ya kesho inasinyaa! alidakia Dereva wa malori. Mama Kahawa, deni langu nitalilipa baada ya miaka kumi, litakuwa limeisha lenyewe.

— Sawa, na kahawa utakunywa mwaka huohuo.

— Na ukitoka zamani kuja leo, Karani, inanenepa? aliuliza Dereva.

— Inanenepa.

— Basi kwa pesa ya ile baiskeli niliyouza ujanani, leo ningekuwa na ghorofa!

— Ghorofa lenye lifti, alisema Kinyozi. Mimi nilidondosha sarafu kisimani nikiwa darasa la pili. Kile kisima sasa hivi ni benki. Twendeni tukakichimbue!

Wakacheka mpaka benchi likatikisika. Fundi alicheka pia, lakini akili yake ilikuwa kwa mkewe. Kila siku ya faida walikwenda benki kwa miguu, yeye upande wa magari, mkewe upande wa maduka. Mkewe alihesabu zile noti mara mbili, hata kama mhudumu wa benki kashazihesabu. Kisha waliketi kibandani na soda moja, mirija miwili, wakibishana nani kanywa zaidi. Jamani, alimkumbuka yule mama.

Nesi aliyehamia mtaani juzi alikuwa amesimama pembeni, kikombe mkononi.

— Shikamooni, wazee. Samahani, nimesikia. Baba, hizo pesa unazitakia nini?

Watu wakatazamana. Jioni nzima hakuna aliyeuliza hilo. Fundi hana mgonjwa, hadaiwi, na makochi ya wateja yamejaa mpaka mlangoni.

— Sizihitaji, mwanangu, alisema Fundi. Mwaka huu nilikwenda benki peke yangu. Sitaki kuiona tena siku ya faida.

— Pole sana, baba. Na ukiiuza hati, siku yenyewe haitafika?

Karani alitazama tai yake. Dereva aliinama kufunga kamba za viatu vilivyokuwa vimefungwa. Mama Kahawa alishika birika bila kummiminia mtu.

Fundi alisogea, akapigapiga nafasi iliyobaki pembeni yake.

— Keti kwanza, mwanangu, alisema. Huyo dalali atangoja.